Kuku wa Krismasi achinjwe na nani?

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, sadaka yako imewahi kumfikia mtu asiye wa dini wala kabila lako, na je, imani yako ilipungua?" Imefika, na haikupungua. Naomba nafasi nieleze.

Mimi ni Mkatoliki, Mhaya, nimepanga Temeke kwenye nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, korido katikati, uani mmoja tunapopikia wote. Wenzangu ni Wazaramo, Wandengereko na mama mmoja wa Pemba, karibu wote Waislamu.

Kuku wangu wa Krismasi huchinjwa na mzee wa chumba cha mbele. Nampelekea jogoo akitoka kuswali alfajiri. Anamwelekeza kibla, anapiga Bismillahi, anachinja, kisha mimi naingia kazi ya kunyonyoa. Pilau naipikia kwenye sufuria ambayo haijawahi kuonja kitimoto. Nimeipaka rangi nyekundu kwenye sikio na wanangu wanajua haiguswi. Kwa hiyo nikigonga mlango na sahani, hakuna anayepokea kwa haya halafu akamwaga nikigeuka. Kupakua ni kazi ndogo. Upendo kwangu ni kumfikiria atakayekula kabla hata mkaa haujawashwa. Masingasinga wanalijua hili siku nyingi: chakula chao cha langar hakitiwi nyama, ili yeyote aingiaye hekaluni mwao akae chini ale na wenzake.

Majirani nao hivyo hivyo. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma zilianza zikipishana siku chache tu. Magharibi ikifika, mama wa Pemba ananiletea bakuli: magimbi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Ijumaa moja akaja na mihogo ya nazi na samaki. "Dada yangu, leo si hamli nyama? Chako nimekipika mbali." Sikuwahi kumwambia. Ameshinda na njaa tangu daku, na bado anaukumbuka mfungo wangu! Niliingia ndani nikalia.

Mzee aliposikia akanisimulia habari ya Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume. Siku moja walichinja nyumbani kwake, naye akawa anauliza na kurudia kuuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Nami nikamsomea Luka 14, pale Yesu anaposema ukifanya karamu waite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kukulipa.

Ndiyo maana misaada ya kamera inaniumiza. Nimeona bibi akishikishwa mfuko wa mchele mara ya pili ili picha itoke vizuri. Mwacheni apokee, aende zake.

Kuhusu imani kupungua: misa ya kwanza siikosi, rozari yangu iko palepale, na hakuna jirani aliyenivuta msikitini. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama chakula kinamkwaza ndugu yake, yeye yuko tayari asile nyama kamwe. Mimi nyama naila. Nimebadili mkono wa kuchinja tu. Ndugu zangu walipokuja kutoka Bukoba wakauliza kwa nini kuku asichinjwe na shemeji, niliwajibu kwamba wageni wangu wa Krismasi ni nyumba nzima.