Kwa mnaoanza mazoezi tiba kwenye wodi ya kiharusi

Wadogo zangu, mkono wa mgonjwa wa kiharusi unapolegea, shika hili kabla ya lolote: misuli yake bado ipo na mifupa yake ni mizima. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru. Ndugu watawaomba muuchue kwa mafuta ili damu itembee. Kuchua kunamliwaza mgonjwa, sina ugomvi nako, ila damu ilikosekana kichwani.

Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba. Mshipa wake ukiziba au ukipasuka, seli huanza kufa ndani ya dakika chache. Zilizokufa hazirudi. Lakini sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi ya zilizokufa, kwa kurudia tendo lile lile mara nyingi, na miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye mabadiliko ya haraka zaidi. Ndiyo maana naumia nikisikia mgonjwa kapelekwa nyumbani akaambiwa alale tu. Wala msikurupuke: utafiti wa AVERT, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa kumwinua mgonjwa mapema sana, ndani ya saa 24, tena mara nyingi kwa siku, kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri.

Someni faili mjue ni upande gani wa ubongo. Ukiumia wa kushoto, mkono na mguu wa kulia ndio hudhoofika, na mara nyingi maneno hupotea. Wengi wanaelewa mnachosema ila jibu halitoki. Msiwazungumzie kana kwamba hawapo. Mama wa miaka sitini mpeni shikamoo yake hata kama hawezi kuitikia marahaba.

Ukiumia wa kulia, kuna jambo linalowachanganya sana ndugu. Mgonjwa anamaliza wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto anauacha, kisha analalamika njaa. Ananyoa shavu moja. Anajigonga mlangoni kwa bega la kushoto. Macho yanaona, ubongo ndio umeacha kuujali upande ule. Nyumbani wanasema ni jeuri, au ameanza kuchanganyikiwa. Waelezeni kwa upole, tena mbele yake, kisha muwafundishe kukaa kushoto kwake, kumsemesha kutoka huko, na kumgeuzia sahani.

Bega ni lazima mlilinde. Misuli iliyokuwa ikilishikilia imelegea, kwa hiyo anayemwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono huo anaweza kulitegua, na maumivu yake yakamfanya akatae mazoezi kwa wiki nyingi. Ashikwe mgongoni, nyuma ya bega, na akikaa mkono uegemezwe kwenye mto.

Uji na maji visubiri mpaka apimwe kumeza, maana vinaweza kuingia mapafuni bila hata yeye kukohoa.

Mazoezi yenyewe yatokane na maisha yake. Fundi cherehani mpeni kitambaa akikunje, mama ntilie mpeni mwiko. Na anayegoma msimwite mvivu upesi. Takriban mtu 1 kati ya 3 hupata sonona baada ya kiharusi, nayo ina tiba, kwa hiyo mwambieni daktari siku hiyo hiyo.