Ngoma ya Mei ni ya nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: sherehe za sanaa na muziki zinazofanyika majira ya kuchipua kwenye miji ya pwani zinamfaa nani, mwenyeji au mgeni? Naona wengi watajibu kwa msemo tuliozoea, mgeni njoo mwenyeji apone, na mjadala utaishia hapo. Mimi nasema kwanza tutazame ni nani aliyefanya mazoezi wakati wa baridi. Huyo ndiye mwenye sherehe. Halafu tuulize jambo ambalo swali lenu halikuligusa: huyo mwenye sherehe analala wapi?

Majira yenyewe yana maana kubwa kuliko tunavyodhani sisi tuliozoea jua la mwaka mzima. Kusini mwa Uingereza, mwanga wa mchana mwishoni mwa Desemba hudumu takriban saa 8 tu. Ikifika katikati ya Mei, unazidi saa 15. Bergen, Norway, tofauti ni kali zaidi: Desemba ni chini ya saa 6, na mwishoni mwa Mei ni karibu 18. Mji wa pwani wa huko hujifungia ndani miezi mingi, mikahawa ya ufukweni inafungwa, upepo wa bahari unamiliki barabara. Watalii wa kiangazi hawafiki mpaka Julai na Agosti. Kwa hiyo Mei ni mwezi wa katikati: mwenyeji ametoka nje, mgeni bado hajajaa. Sherehe iliyowekwa hapo inaweza kuwa na nia mbili zinazopishana. Ama ni mbinu ya kujaza vyumba vya hoteli kabla ya msimu, ama watu wameshindwa kusubiri. Mara nyingi ni zote mbili, lakini moja huwa imetangulia.

Nitawachukua Padstow, kwa sababu hapo hakuna ubishi ni ipi iliyotangulia. Ni bandari ndogo ya uvuvi kaskazini mwa Cornwall, eneo la kusini-magharibi mwa Uingereza, penye mdomo wa mto Camel, yenye wakazi karibu 3,000. Kila tarehe 1 Mei (ikiwa Jumapili, husogezwa hadi Jumatatu) mji mzima hutoka kwa ajili ya 'Obby 'Oss, yaani ngoma ya farasi wa kuigiza. Saa sita ya usiku wa kuamkia siku hiyo, watu hukusanyika nje ya baa ya Golden Lion na kuimba kwa sauti tupu, bila ala. Kukicha, mitaa imeshapambwa matawi mabichi na bendera, na mlingoti mrefu wenye maua umesimama katikati ya mji. Kisha wanatoka “farasi” wawili. Farasi mmoja ni mtu aliyevaa duara kubwa mabegani, lililofunikwa kitambaa cheusi kizito kinachoning'inia pande zote, na kichwani ana kinyago cha kutisha. Mbele yake yuko mchokozaji mwenye rungu dogo lililopambwa, ambaye humchezea, humrudisha nyuma, humwita. Nyuma kuna msururu wa akordioni na ngoma, wachezaji wamevaa nguo nyeupe, wengine na mikanda myekundu, wengine ya buluu, kwani kila farasi ana kundi lake na rangi yake.

Wimbo una sehemu moja ya pole pole. Ikifika, farasi anashuka chini, analala kama aliyekata roho, na umati unainamisha sauti. Halafu ngoma inapasuka, farasi anaruka juu, na wote wanapaza sauti. Hivyo hivyo kutwa nzima, mtaa baada ya mtaa, wabebaji wakipokezana kwa sababu lile duara ni zito na ndani yake kuna joto. Zamani iliaminika kwamba mwanamke akivutwa chini ya kitambaa cha farasi, atapata mtoto kabla mwaka haujaisha.

Huwa inasemwa kwamba mchezo huu ulikuwapo kabla ya Ukristo kufika huko. Maandishi yanayoutaja hayavuki 1803. Binafsi sioni kwa nini miaka zaidi ya 200 isitoshe mpaka tuiongezee elfu.

Angalieni kisichokuwapo: tiketi hakuna, jukwaa hakuna, wala bango la mdhamini mgongoni mwa farasi. Mgeni anakaribishwa kusimama, kuimba kama anaujua wimbo, na kubanwa ukutani msafara ukipita kwenye vichochoro. Maelfu huja, na wanapita idadi ya wakazi mbali sana. Lakini hakuna pesa itakayomwingiza mtu ndani ya lile duara. Hiyo ni haki ya wazawa, na wengi wao ni watoto na wajukuu wa waliolibeba zamani. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa, hapa kutunzwa kwenyewe ni kule kuachiwa ubebe.

Mtu anaweza kuniambia hii ni klabu ya ukoo. Kweli, na ina upande wake mbaya, ambao msomaji wa Kiafrika hawezi kuuruka. Mji huu huu una desturi nyingine, ya siku baada ya Krismasi na ya Mwaka Mpya, ambapo watu walijipaka rangi nyeusi usoni na kuimba nyimbo za dhihaka zilizotokana na maigizo ya Kimarekani yaliyowakejeli Weusi. Jina lake la zamani lilikuwa tusi kamili. Lilibadilishwa baada ya malalamiko kutoka nje, huku baadhi ya wenyeji wakishikilia kwamba hawakukusudia ubaya. Mji ukijitazama wenyewe tu kwa muda mrefu, unaacha kujiona. Jicho la mgeni lina kazi yake, hata asiponunua chochote.

Sasa kulala. Cornwall ni nzuri, na uzuri wake umenunuliwa. Nyumba nyingi za vijiji vya bandari zimekuwa za watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka, au za kupangishwa watalii kwa usiku. Kijana aliyezaliwa mtaa wa bandarini, anayepiga ngoma vizuri kuliko wote, huenda asiweze kupanga chumba mtaani kwao. Katika St Ives, mji mwingine wa pwani hiyo hiyo, wakazi walipiga kura Mei 2016, na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono kanuni kwamba nyumba mpya ziwe za watu wanaoishi hapo kwa kudumu. Nia ilikuwa njema. Ila kanuni inagusa nyumba mpya tu. Mwenye pesa anageukia zile za zamani, ambazo ndizo nzuri kwa macho na ndizo zilizoko katikati ya mji, kule ngoma inakopita. Ndiyo maana ule msemo wa mgeni njoo haunitoshi. Mgeni amekuja, mwenyeji akapata kazi ya kumhudumia mezani, kisha akapoteza paa.

Upande wa pili wa bahari kuna mfano uliozaliwa kinyume kabisa. Charleston, South Carolina, Marekani, ilipata tamasha la Spoleto mwaka 1977, na aliyelianzisha alikuwa mtunzi kutoka Italia, Gian Carlo Menotti, aliyekwisha kuanzisha jingine kama hilo kwenye mji wa Spoleto, Italia, mwaka 1958. Opera, dansi, muziki wa kumbini, siku 17 kuanzia mwishoni mwa Mei, kabla joto la kusini halijawa la kukatisha tamaa. Hiyo ilikuwa sherehe ya kuletwa. Mwenyeji wa kawaida alikuwa nayo nini zaidi ya foleni ya magari? Manispaa ililiona hilo mapema. Tangu 1979 inaendesha tamasha jingine sambamba, Piccolo Spoleto, linalowapa nafasi wasanii wa mji na wa jirani makanisani, bustanini na mitaani, na sehemu kubwa ya maonyesho yake ni bure au kwa kiingilio kidogo. Menotti mwenyewe aliondoka mwaka 1993 baada ya kugombana na waliokuwa wakiliendesha. Tamasha likabaki, na nadhani lilibaki kwa sababu kufikia hapo mji ulikuwa na mkono wake ndani.

Lakini kilichonifanya nilitaje Charleston kilitokea Mei 27, 2022. Siku hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera ya “Omar”, iliyoagizwa na tamasha lenyewe na kutungwa na Rhiannon Giddens pamoja na Michael Abels. Omar ibn Said alikuwa msomi wa Kiislamu kutoka Futa Toro, eneo lililo leo kwenye mpaka wa Senegal na Mauritania. Alitekwa na kuuzwa, akashushwa Charleston mwaka 1807, na baadaye akatoroka kwa bwana mkatili hadi North Carolina, ambako alikamatwa na kutiwa jela. Kule ndani aliandika Kiarabu ukutani, watu wakaja kushangaa. Mwaka 1831, akiwa bado mtumwa, aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu, akitanguliza Surat al-Mulk, sura inayosema ufalme wote ni wa Mwenyezi Mungu. Fikirieni mtu anayemilikiwa na mwenzake akianzia hapo. Opera hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2023.

Basi tamasha lililoletwa na mgeni kwa ajili ya wageni, baada ya miaka 45, likamwimba mgeni mwingine ambaye mji ulimpokea kwa minyororo. Hilo ni jambo kubwa kuliko vyumba vya hoteli. Hata hivyo sitaki kulitia sukari. Mwaka 1980 wakazi Weusi walikuwa ndio wengi kwenye rasi ya Charleston, sehemu ya kale ya mji. Leo ni wachache, na bei ya nyumba ni moja ya sababu kubwa. Wajukuu wa watu walioshushwa bandari ile wanaweza kupata tiketi ya kumtazama Omar, kisha waendeshe gari kurudi mbali na mjini.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuwatia watoto ndani. Brighton, kusini mwa Uingereza, yenye tamasha la sanaa la kila Mei lililoanza 1967, hufungua shughuli kwa gwaride la wanafunzi wa shule, maelfu yao, wamebeba vinyago na maumbo waliyoyatengeneza wenyewe darasani. Bergen ina buekorps, vikosi vya watoto vya mtaa kwa mtaa vilivyoanza katikati ya karne ya 19. Kila mtaa wa zamani na kikosi chake, ngoma zao na silaha za mbao; theluji ikianza kuyeyuka huanza kupita wakipiga, na kilele chao ni Mei 17, siku ya katiba ya 1814. Siku chache baadaye linafuata tamasha kubwa la kimataifa la muziki, lililopo tangu 1953. Wapo wakazi wa Bergen wanaolalamikia kelele za ngoma hizo. Nawaelewa, lakini watalii wa tamasha hawakuja na ngoma zile na wala hawataondoka nazo.

Kama kuna diwani wa mji wa pwani anayewasoma, ombi langu si jukwaa kubwa zaidi. Fedha za tamasha zitenge kitu kwa ukumbi wa mazoezi wenye joto mwezi Januari, maana hapo ndipo sherehe ya Mei inapofanyika kweli. Na bajeti ya utamaduni isomwe pamoja na ya makazi. Cornwall imeanza: tangu Aprili 2025, mwenye nyumba ya pili ambayo si makazi yake hulipa kodi ya halmashauri mara mbili. Ningetaka sehemu ya fedha hiyo iende kwenye kujenga nyumba za kupanga pale pale bandarini, na wanaopiga ngoma wapangwe mwanzoni mwa orodha.