Vijiji viwili si jaribio, mkuu. Hesabu vikaratasi vya kofiani

Mkuu, usichapishe hilo dodoso. Simama hapo hapo.

Nimesoma bandiko lako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Kijiji A kipewe mafunzo ya akiba ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa ambamo akiba hununuliwa kwa hisa, kijiji B kisipewe, baada ya miezi sita ulinganishe hisa za wanawake 333, na tasnifu uiite jaribio. Halafu unauliza uchambue kwa programu ya NVivo au Excel, wahojiwa wa mahojiano ya kina wawe wangapi, na wadodosaji walipwe shilingi ngapi. Posho zinaweza kungoja. Wewe huna 333. Una mbili: A na B.

Shimo hilo nalijua, nimelilipia ada ya mwaka wa ziada. Mimi nilifanya hivyo hivyo huko kusini. Kijiji nilichokipa mafunzo kinalima ufuta, kile cha kulinganisha kinategemea korosho. Kipimo cha kwanza nilichukua Januari, fedha za korosho zikiwa bado mifukoni mwa watu. Cha pili nikachukua Julai, ufuta ukiwa umeshanadiwa na wa korosho wakingoja minada ya Oktoba. Unaona kilichotokea? Kijiji cha mafunzo hisa zimepanda, kile kingine zimeshuka. SPSS, programu ya takwimu, ikaniandikia 0.000, yaani tofauti hii si ya bahati, nikatembea kama mbunge aliyepita bila kupingwa.

Siku ya kutetea, mtahini wa nje akaniuliza jambo moja tu: mafunzo yako yamefanya nini hapa ambacho kalenda ya mazao haikufanya? Nikaanza kumweleza ukubwa wa sampuli. Akanisikiliza kwa huruma. Huruma ya mtahini ni mbaya kuliko ukali wake, niamini.

Na jibu lilikuwa ndani ya daftari langu mwenyewe muda wote! Mama mmoja wa kijiji B aliniambia waziwazi, "Mwanangu, hisa gani mwezi huu? Njoo korosho zikishauzwa." Nikamweka chini ya "mengineyo". Nilikuwa na haraka ya namba.

Sasa aliyenipotosha. Kuna bwana mmoja, ofisi juu ya stationery, anajiita mtaalamu wa takwimu. Alinikokotolea fomula ya Yamane, ile ya kupata ukubwa wa sampuli, kwa simu huku anakula chipsi, na naona wenzake bado wapo kazini, maana hata 333 yako najua ilikotoka: wanawake 2,000, kosa la asilimia 5, unapata 2,000 gawanya kwa 6, lete hela. Yamane mwenyewe hana kosa. Fomula ile ni ya kukadiria asilimia kwa watu waliookotwa mmoja mmoja, kwa nasibu, kutoka orodha moja. Haijui vijiji, haijui ufuta, haijui jaribio. Na msimamizi wangu? Aliweka vema sura ya tatu nzima. Nadhani alisoma shukrani tu, jina lake lilikuwepo.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote unaweza kukosea ukasamehewa: idadi yako ni ile ya vikaratasi ulivyovitia kofiani wakati wa kupiga kura ya nani apate mafunzo. Umetia viwili? Una mbili, hata ukihoji wilaya nzima. Watu wa kijiji kimoja wanashiriki mvua, bei, mwenyekiti na misiba. Ukimjua mmoja umeshawajua wengine kidogo.

Hiyo "kidogo" ina hesabu yake. Chukua watu wa kila kijiji, toa mmoja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao (0 hawafanani, 1 wote ni sawa), ongeza 1, kisha gawanya watu wako wote kwa jibu hilo. Sema kiwango ni 0.1. Watu 300 kutoka vijiji 10, 30 kila kimoja: unapata 3.9, na 300 wako wanafanya kazi ya watu 77 hivi. Wagawe hao hao kwenye vijiji 30, kumikumi: unapata 1.9, wanafanya kazi ya 158. Watu hujaongeza hata mmoja, umeongeza nauli tu. Kwa vijiji viwili hata usikokotoe, maana tofauti ya mafunzo na tofauti ya vijiji ni kitu kimoja, hakuna programu itakayovitenganisha.

Wala usiseme basi nitagawa wanawake ndani ya kijiji kimoja. Edward Miguel na Michael Kremer walipopima dawa za minyoo kule Busia, Kenya, walipanga shule, si watoto: shule 75, makundi matatu, la kwanza likaanza 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Mtoto akitibiwa, anapunguza kumwambukiza mwenzake ambaye hajameza kitu. Ukiwagawa ndani ya shule moja, dawa itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Mafunzo ya VICOBA nayo yanaambukiza: kisimani, gulioni, jikoni kwenye harusi. Na ule mpango wa zamu unakuokoa na mwenyekiti atakayeuliza kwa nini watu wake wamenyimwa. Hawajanyimwa, zamu yao inakuja.

Nenda kwa maafisa maendeleo ya jamii wa kata, omba orodha ya vikundi. Kikundi kimoja kila kijiji, piga kura kwa vijiji, nusu waanze sasa, nusu msimu ujao. Kabla ya dodoso kaa nao, uliza fedha inaingia mwezi gani na inatoka mwezi gani. Hela ya vijiji vingi huna? Sawa, baki na viwili, kaa muda mrefu kotekote, fuatilia shilingi inavyotembea, uite utafiti linganishi wa kifani. Hiyo ni kazi halali kabisa. Ila neno jaribio lifute kwenye jalada.

NVivo sijawahi kuielewa, na posho watakujibu wengine. Ukishapata orodha ya vikundi iweke hapa hapa kwenye uzi, pamoja na zao kuu la kila kijiji, tuitazame kabla hujalipa mtu.