Kujitolea Adjumani, Uganda: vilivyonipata sivyo nilivyokuwa naviogopa

Dada uliyeuliza, nimekuelewa: unaenda kujitolea miezi mitatu Adjumani kuanzia Januari, nyumbani wanakutisha kwa habari za waasi na Ebola, na unataka kujua ubebe nini. Mimi nilikaa huko nusu mwaka, kwenye kitalu cha miche karibu na makazi ya wakimbizi wa Sudan Kusini. Niliingia wiki ile ile mlipuko wa Ebola ulipotangazwa kwisha, 11 Januari 2023, kwa hiyo mama yangu alikuwa ameshaniaga kama anayekwenda vitani. Waasi sikuwaona. Walionipata ni inzi.

Nianze na hao, maana hakuna aliyenionya. Jua la kule Januari hadi Machi si mchezo, joto linapita nyuzi 35, na nguo zangu nzuri zikaanza kupauka kwenye kamba. Nikajiona mjanja, nikahamishia kamba chini ya mwembe. Kivuli safi, upepo mzuri, nguo zinakauka taratibu na rangi yake. Pasi sikuwa nayo, na nani atapiga pasi nguo za kitaluni?

Baada ya kama wiki mbili nikaota vipele kiunoni, pale mkanda wa suruali unapokaa. Nikadhani joto. Vikawa majipu, kila kimoja na kitundu kidogo katikati, na usiku nasikia kitu kinatekenya ndani. Aisee, sikutia chumvi: kinatekenya. Nikamwonyesha mama aliyekuwa akitupikia. Akaangalia kwa sekunde mbili, akauliza kwa Kiswahili chao cha kule, "Wewe nguo hapana piga pasi?"

Kumbe kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Ukivaa, mayai yanapata joto la mwili, yanaanguliwa, na funza anaingia kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Si yule funza wa vidoleni tunayemjua. Mama alipaka mafuta mazito ya kujipaka juu ya kila kitundu ili mdudu akose hewa, tukakaa kama nusu saa tukipiga soga, kisha vikaanza kuchungulia vichwa vyeupe. Akabana kwa vidole vyake viwili vya gumba. Walitoka saba, wanene kama punje za wali wa sherehe. Wajukuu zake walikuwa wamekaa mstari mzima kwenye mkeka wakihesabu kwa sauti.

Kwa hiyo: anika juani, rangi ipauke tu. Kisha piga pasi kila kitu pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mikanda. Chupi pia. Shuka pia. Taulo pia.

Bodaboda. Utapanda kila siku, na huko vijijini utapakiwa mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja, hata ukikataa. Siku ya nne nilishukia upande wa kulia, shavu la mguu likagusa bomba la moshi. Harufu niliisikia kabla ya maumivu. Watu wema wakanipaka dawa ya meno, na mimi nikawaachia. Kesho yake muuguzi wa kituo cha afya alitumia nusu saa kuibandua, akinisema kama shangazi. Kinachotakiwa ni maji baridi yanayotiririka dakika 20 tu, basi. Kile kidonda kwa joto na vumbi lile jekundu kilichukua mwezi mzima. Panda na shuka upande wa kushoto, na uvae suruali ndefu.

Ila suruali isiwe nyeusi wala ya bluu. Ukipita kandokando ya vijito utaona vitambaa vidogo vya bluu na wavu mweusi vimechomekwa chini kwa vijiti. Mimi nilidhani ni alama za wapima ardhi. Ni mitego ya mbung'o, kwa ajili ya malale, na rangi zimechaguliwa kwa sababu ndizo mbung'o wanazozifuata. Siku hiyo nilikuwa nimevaa fulana ya bluu na suruali nyeusi. Vijana wa kitaluni walicheka mpaka wakakaa chini.

Lugha isikupe presha. Kaskazini kule wengi wanasikia Kiswahili kuliko Kampala, na wakimbizi wengi wana Kiarabu cha Juba. Tatizo ni maneno tunayodhani tunayajua. Wiki ya kwanza nikaambiwa, "Njoo, posho iko tayari." Mtanzania mimi, kwetu posho ni pesa! Nikanawa mikono, nikachukua kalamu ya kusainia, nikaenda mbio. Nikakuta sufuria ya ugali. Huko posho ndiyo ugali, na usitarajie nyingine.

Pesa: noti yao kubwa ni elfu hamsini, na kijijini haina chenji. Nilimpa bodaboda mmoja kwa safari ya elfu tatu, akasema anaenda kuivunja, akapotea. Nikaisahau. Saa mbili baadaye akarudi amelowa jasho, na elfu arobaini na saba imekamilika, kazunguka maduka yote. Niliona aibu kwa niliyokuwa nimeshayasema juu yake. Vunja noti Kampala kabla ya kupanda basi.

Na ukipata nafasi ya kwenda Moyo, ng'ambo ya Nile, kivuko cha Laropi ni bure lakini hakikungoji wewe. Nilichelewa kwa kung'ang'ania embe za barabarani, nikafika Umi, gati la upande wa Adjumani, kikiwa katikati ya mto, cha mwisho siku hiyo. Nikalala kwenye benchi la mama muuza chai, yeye kanifunika kanga, mbu wakafanya yao. Malaria ikaja siku ya kumi na mbili, ikapimwa, nikameza dozi, ikaisha. Hiyo ndiyo sababu ya kubeba chandarua hata unapokwenda safari ya siku moja.

Vingine ni vya kawaida: pasipoti, kadi ya homa ya manjano kwa ajili ya mpaka wa Mutukula, chupa kubwa ya maji. Ukiharisha ukakosa pakiti za chumvichumvi dukani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Pasi usibebe, utaongeza uzito bure. Umeme wenyewe wa kubahatisha. Nunua ya mkaa sokoni Adjumani mjini. Yangu nilimwachia yule mama, na nasikia wajukuu zake wameigeuza gari.