Singo ya bi harusi wa Tanga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: safari tamu ni ipi, ya kupangwa au ya kubahatisha, na mkatutaka tutoe na kisa. Nimelisoma nikaona limenigusa penye kidonda. Wiki mbili nyuma nimegombana na mwanangu wa kike kwa jambo hilihili. Alikuwa anakwenda Moroni, Komoro, na wenzake, akanionesha ratiba yao kwenye simu: saa 1 na nusu chai, saa 3 kupiga picha, saa 6 na robo chakula cha mchana. Na robo! Nikamwambia mwanangu, hiyo si safari, hiyo ni zamu ya hospitali. Akanuna, nami nikanuna.

Basi nasema mapema: ya kubahatisha. Mimi mtoto wa Wete, na sisi Wapemba kutembea tumezaliwa nako. Mvuvi wa kisiwa cha Kojani akienda dago, yaani kambi ya uvuvi, hukaa miezi pwani ya Tanga au Mombasa, na mtoto aliyemwacha anatambaa humkuta anakimbia. Mimi nimekwenda Lamu kwa Maulidi, nimefika Maskati, nimelala stendi ya Mbeya juu ya magunia ya viazi na nikaamka mgongo mzima. Huko Moroni nilikwenda kwa siku 3, ndege ikakosekana, nikakaa 9, nikarudi nimeshamposea kaka yangu mke. Mke huyo yupo mpaka leo na tunapendana. Ratiba gani ingenipa wifi?

Lakini aliyenitia maradhi ya kusafiri ni shangazi yangu, na safari yenyewe ni ya Juni 1981, mwezi wa Shaabani, nina miaka 11.

Binti wa ami yangu alikuwa anaolewa Tanga. Ami mwenyewe alikwisha fariki, kwa hiyo walii wa bi harusi, mwenye kumwozesha, alikuwa baba yangu. Shangazi ndiye somo, yaani kungwi wake. Nikahi ilipangwa Ijumaa baada ya sala. Tukatoka Wete Alkhamisi alasiri kwa jahazi, tumepakia mikeka miwili ya ukili, vikapu vya halua, kuku wanne waliofungwa miguu, na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na singo.

Kwa asiyejua: singo ni karafuu zilizosagwa, liwa, waridi na maua ya mlangilangi, vinatiwa marashi, bi harusi anasuguliwa mwili mzima mpaka ngozi inang'ara kama tende. Singo bila karafuu si singo. Na miaka ile karafuu ilikuwa mali ya serikali, kuivusha bahari kwa mlango wa nyuma ni kosa la kufungwa. Zile zilizokuwamo zilikuwa konzi chache tu, lakini shangazi alilikumbatia kopo kama mtoto mchanga, na kila baharia akipita karibu yake anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

Tanga iko magharibi ya Wete, moja kwa moja. Lakini Juni ni kusi, upepo wa kusini, na mkondo nao unakwenda kaskazini kwa nguvu, kwa hiyo nahodha hana budi akabili kusini ya Tanga ndipo afike Tanga. Usiku wa manane tanga likachanika. Wakalitua, wakakaa chini kulishona kwa mwanga wa kandili, na muda wote ule mkondo unatuchukua. Jahazi lilikuwa linakwenda mrama, watu wazima wanatapika, kuku wanalia, shangazi na kopo lake. Mimi nilikuwa na furaha isiyo kifani. Sikujua kuwa kuna hatari. Nilijua tu kuwa nipo macho usiku na hakuna anayeniambia nikalale.

Kulipokucha nahodha alitafuta milima ya Usambara asiione, mawingu yamefunika. Mbele kuna kisiwa chenye minazi na msikiti. Akasema polepole, "Hapa sipo tuendako." Lakini baba alikuwa ameshavaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, yuko omoni anarudia maneno aliyotungia wakwe. Ufukweni watu wameanza kukusanyika. Jahazi likagusa mchanga, baba akateremka kwenye maji, kanzu ikamfunguka juu ya maji kama mwavuli, akanadi: "Assalamu alaykum! Sisi watu wa Wete, Pemba. Tumekuja harusini, kutimiza ahadi ya marehemu!"

Vigelegele! Mzee mmoja akaitika, "Karibuni, karibuni, ahadi ni deni!" Wanawake wakaingia majini na nguo zao kutupokea. Nilibebwa juu juu, kuku wakabebwa, mikeka ikabebwa. Shaabani pwani yote ni mwezi wa harusi, na pale nako kulikuwa na harusi siku ileile. Baba alikwisha kupewa kiti na kahawa alipouliza, kwa adabu, nyumba ya mama wa bi harusi ni ipi, maana haitambui. Ndipo akaambiwa pale ni Wasini.

Wasini ni Kenya, ng'ambo ya Shimoni. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu 1977, na haukufunguliwa mpaka 1983. Baba alikaa na kikombe mkononi kama mtu aliyepigiwa picha. Nahodha akaanza kuomba radhi, kwamba sisi sio mnaowangoja. Hawakutaka kusikia. Wao walikuwa na jamaa Pemba ambao hawajawaona miaka minne, na walipoona jahazi limetoka Wete walijua ndugu zao wameliponyoka zuio. Akaja bibi mmoja asiyeona vizuri, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akauliza, "Huyu wa nani?" Shangazi akataja. Wa nani tena? Akataja. Wakapanda ukoo ngazi kwa ngazi mpaka wakafika kwa mwanamke mmoja wa kisiwa cha Fundo, Pemba, bibi yake yeye, na jamaa ya babu yetu sisi. Kahawa ya pili haijapoa tumeshakuwa ndugu, na machozi yametoka.

Sasa lile kopo. Wanawake wa nyumba walikuwa wanamsugua bi harusi wao kwa manjano na liwa tu. Mmoja akasema, bila kuomba, kuwa zamani singo ilikuwa inatoka Pemba. Nilimtazama shangazi. Kopo lipo mapajani, na kucha ya kidole gumba inapita ukingoni mwa kifuniko, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Alimtazama yule msichana, akanitazama mimi, akasema, "Bi harusi ni bi harusi." Akalibandua.

Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu mbichi siuoni ua wa nyumbani kwetu, nauona ule ua wa Wasini. Kisiwa kile maji yake ni ya mvua, na kwa bahati masika yalikuwa yamepita, birika limejaa. Mimi nilipewa kata ya kuchotea maji. Shangazi anachota konzi ya singo, mimi natia maji kidogo kwenye kiganja chake, anaifinyanga mpaka iwe kama udongo wa mfinyanzi, kisha anampaka kuanzia bega. Ikikauka anaifikicha, inaanguka vipande vipande mkekani, na chini yake ngozi imebadilika rangi. Bi harusi alikuwa anasikia mtekenyo kwenye nyayo, akawa anacheka na kuvuta mguu, na shangazi anamwambia, "Tulia mwanangu, huu ni mguu wa Tanga." Hakuna aliyeelewa ila mimi na yeye. Tulicheka mpaka kata ikanianguka. Alilifuta kopo kwa kidole mpaka likawa linang'aa ndani.

Tukala harusi. Walii wa Tanga yuko Wasini anakula wali. Kusi halikulala siku nne. Hatimaye usiku mmoja mvuvi wa palepale akatuongoza, tukaambaa na pwani kwa umande, upepo wa alfajiri utokao bara, tukaipita Vanga iliyo mpakani kabla jua halijatoka, tukaingia Tanga Jumanne.

Mhariri, kisa hiki nimekihadithia zaidi ya miaka 40, kwenye harusi, kwenye meli, na kila mara nakimalizia pale penye kopo. Watu hucheka na mimi hucheka. Jana nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapohapo. Lakini mkono haukusimama, na imebidi niandike na lililobaki.

Tulipofika Tanga hakuna aliyepiga kigelegele. Nyumba imejaa wanawake wanasoma Yasini. Nikahi imeahirishwa, pilau la Ijumaa wamegaiwa majirani. Bibi yangu mzaa baba hakuwamo ndani. Alikuwa ufukweni, amekaa juu ya ngalawa iliyofudikizwa, tangu Ijumaa jioni, hali wala halali ila kwa kulazimishwa. Alikwisha kuzika mwana mmoja, na jahazi lilikuwa na wawili aliobaki nao na mjukuu. Hakuinuka alipotuona. Alinivuta mkono akaunusa, akasema, "Mmetoka harusini." Ndipo akalia. Baba alipiga magoti kwenye mchanga na ile kanzu yake, na sikumbuki alisema nini.

Naliandika hili na nafikiri usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ilipozama mkondo wa Nungwi, ikiwa njiani kuja kwetu. Mdogo wangu alikuwa Unguja, alisema atarudi Pemba mwisho wa wiki, hakusema kwa chombo gani. Simu haishiki. Siku mbili mimi na mama tulizunguka na jina lake. Jumatatu akatokea mlangoni na embe kikapuni: alibadili nia akaenda Makunduchi kwa rafiki yake, simu imemzimikia. Nilimkumbatia, na huku natamani kumpiga. Wenzetu wengi mlango wao haukubishwa.

Basi jibu langu, na mniwie radhi kwa nililoandika hapo juu, ni kwamba mtu apange. Aseme anakwenda wapi, kwa chombo gani, anatarajiwa lini. Sikusudii ratiba ya saa kwa saa, hiyo bado naipinga, na upepo ukikutupa Wasini, shuka, kula, tafuta ndugu. Wala simlaumu nahodha wala shangazi yangu, Mungu amrehemu. Lile kopo ningelifungua hata mimi. Ila yule aliyekaa juu ya ngalawa naye alikuwamo safarini, na sisi tulipokuwa tunacheka hatukumkumbuka hata mara moja.

Binti wa ami aliolewa Ijumaa iliyofuata, kwa manjano na liwa. Sasa ana wajukuu, na kila tukikutana salamu yake ni moja: "Singo yangu iko wapi?" Mwezi ujao nakwenda Tanga. Nimeisaga mwenyewe, nimeitia kwenye kopo la maziwa. Tiketi amenikatia mwanangu, na ameniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nisome bila miwani: kufika Tanga saa 4 na robo. Nimeshawapigia simu kule kuwaambia.