Trai ya Reginald Birkett ya 1871 ina pointi ngapi?

SWALI: Naandaa jedwali la pointi za wachezaji wa mwanzo wa timu ya raga ya Uingereza. Reginald Birkett alifunga trai dhidi ya Scotland mwaka 1871. Rekodi moja inampa pointi 0, nyingine 1. Nifuate ipi? Na mbona Scotland huandikiwa trai 1 hapa na 2 kule?

JIBU: Mpe 0 kwenye safu ya pointi, na 1 kwenye safu ya trai.

Machi 27, 1871, uwanjani Raeburn Place, Edinburgh, trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, haikuwa na pointi hata moja. Iliipa timu haki ya kupiga mkwaju langoni, basi. Mpira ukipita juu ya mwamba ni goli, na mshindi alipatikana kwa magoli tu. Mkwaju uliofuata trai ya Birkett ulikosa, Uingereza ikamaliza bila goli.

Scotland waligusa chini mara 2. Trai ya kwanza ilizaa goli kwa mkwaju wa William Cross, na ikishazaa goli haihesabiwi tena peke yake. Hivyo matokeo huandikwa goli 1 na trai 1 kwa trai 1. Anayeandika 2 amehesabu miguso yote.

Hiyo pointi 1 imetokana na kanuni za baadaye. Uingereza ilianza kuhesabu pointi mwaka 1886: trai pointi 1, goli pointi 3. Trai ikafika 3 msimu wa 1893/94, 4 mwaka 1971, na 5 mwaka 1992. Kumpa marehemu pointi za kanuni asizozicheza ni kumpotosha msomaji. Tafadhali usifanye hivyo.

Jambo jingine: mechi zake 4 za raga, kati ya 1871 na 1877, zitenge na ile 1 ya soka. Klabu yake, Clapham Rovers, ilicheza michezo yote miwili, naye kwenye soka alikuwa kipa. Mwaka 1879 aliidakia Uingereza ilipoilaza Scotland 5-4, na 1880 akatwaa Kombe la FA, Rovers wakiifunga Oxford University 1-0. Kipaji cha namna hiyo kinastahili jedwali safi.

Tena jihadhari na jina. Mdogo wake Louis na mwanawe John nao waliichezea Uingereza raga. John ni wa kuanzia 1906, hatakusumbua. Louis alicheza kati ya 1875 na 1877, kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi: tafuta herufi za kwanza, R.H. au L.