Wasomaji Wauliza: Bustani ya Jeevanjee, Nairobi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Arusha. Likizo ijayo tutawapeleka wanafunzi wa darasa la saba Nairobi, na baada ya kutembelea Makumbusho ya Taifa tutabakiwa na saa mbili hivi katikati ya jiji. Mwalimu mwenzangu anapendekeza Bustani ya Jeevanjee, lakini mzazi mmoja aliyewahi kuishi huko anasema kwamba pale hakuna kitu ila watu wazima wanaobishana siasa. Je, panafaa kwa watoto?

JIBU: Mwalimu, panafaa, na hao wanaobishana ni sababu mojawapo ya kwenda. Bustani hiyo iko kando ya Moi Avenue, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Msikiti wa Jamia na Soko la Jiji, na haina kiingilio. Ukubwa wake ni kama ekari 5 tu, kwa hiyo mtoto anayetarajia bembea na mashua atavunjika moyo. Ni vyema umweleze mapema kwamba anakwenda kuona mahali ambapo mji umekuwa ukikutana kwa zaidi ya miaka 100.

Watoto watauliza Jeevanjee ni nani. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa mwaka 1890, na akatajirika kwa kandarasi za Reli ya Uganda, ambayo aliiletea vibarua na mahitaji mengine kutoka Bara Hindi. Mwaka 1901 alianzisha mjini Mombasa gazeti la African Standard, ambalo ndilo asili ya The Standard linalosomwa Kenya hadi leo, na baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni. Bustani aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, wakati mji wenyewe ulikuwa haujatimiza hata miaka 10 tangu reli ilipoufikia mwaka 1899.

Jambo moja huwashangaza wengi. Mtu huyu, aliyepinga waziwazi walowezi wa Kizungu kujitengea ardhi nzuri ya nyanda za juu, ndiye aliyesimamisha katika bustani hiyo sanamu ya Malkia Victoria, ikazinduliwa mwaka huohuo na mwana wa Malkia, Mtawala wa Connaught. Wako wanaosema alikuwa akijipendekeza kwa wakubwa. Kwa maoni yangu hesabu yake ilikuwa ya ndani zaidi, kwa kuwa Wahindi wa zama zile walizoea kudai haki zao kwa kulitaja tangazo la Malkia la mwaka 1858, lililoahidi kwamba raia wake wa India wangetendewa sawa na raia wake wengine. Kumsimamisha Malkia katikati ya Nairobi kulikuwa njia ya kuwakumbusha walowezi ahadi hiyo kila walipopita. Sanamu yenyewe ilikatwa kichwa mwaka 2015, na waliofanya hivyo hawakujulikana. Waulizeni wanafunzi wenu kama ingefaa itengenezwe au iachwe hivyo. Darasa la saba wana akili ya kutosha kulijadili swali hilo, na pengine watalijadili vizuri kutuzidi.

Nendeni saa saba mchana. Saa hiyo wafanyakazi wa ofisi na maduka hutoka kupumzika, benchi hujaa, mhubiri husimama upande mmoja na Biblia mkononi, na upande mwingine huwa pamejikusanya duara la watu wanaojiita Bunge la Mwananchi. Bunge hilo halina kiti cha spika wala mshahara: mwenye hoja hujitosa katikati ya duara, huisema kwa sauti, hukatizwa, huchekwa, hujibiwa, kisha mwingine huchukua nafasi yake. Mada yaweza kuwa bei ya unga, kodi, au mbunge aliyepotea tangu uchaguzi. Kiswahili chao kimechanganyika na Sheng, lakini wanafunzi wa Arusha hawatapata taabu kuwafuata. Wasipige picha za watu bila kuomba ruhusa, na simu zao zikae mifukoni, maana penye msongamano hapakosi mwenye mkono mwepesi.

SWALI: Mhariri, ikiwa bustani hiyo ilikuwa mali ya mtu binafsi kabla ya kutolewa, kuna kizuizi gani kwa wakuu wa jiji kuiuza wakipata mnunuzi mzuri? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Swali lako si la kufikirika, kwa sababu karibu litokee. Mwaka 1991 ulikuwapo mpango wa kujenga mahali hapo maegesho ya magari na maduka. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza upinzani, Wangari Maathai akamuunga mkono, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: ardhi ilitolewa ili itumiwe na umma, na aliyepewa kuitunza hana haki ya kuifanyia biashara. Mpango ukafa. Ikumbukwe kwamba wakati huo kuikosoa serikali hadharani kulikuwa na gharama kubwa, na wengi walioipenda bustani hiyo walinyamaza.

Leo hoja hiyo ina nguvu zaidi kisheria. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinaeleza kwamba ardhi ya umma iliyo mikononi mwa serikali ya kaunti hushikiliwa kwa niaba ya wakazi wa kaunti hiyo, na haiwezi kuuzwa wala kubadilishiwa matumizi ila kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Hata hivyo katiba hailindi shamba ikiwa hakuna anayelichungulia, na nadhani lile duara la wabishi wa kila siku limeilinda bustani kuliko ukuta wowote.

SWALI: Je, tukitoka Jeevanjee tunaweza kufika Uhuru Park kwa miguu? Mwalimu yuleyule, Arusha.

JIBU: Mnaweza, kwa kuifuata Kenyatta Avenue kuelekea magharibi. Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, na ndiko Katiba niliyoitaja hapo juu ilikotiwa saini tarehe 27 Agosti 2010, hivyo ziara zote mbili zinashikana. Ilifungwa kwa ukarabati mwaka 2021. Ulizeni hali ya malango kabla hamjaondoka Arusha. Mkifika Uhuru Highway msivuke kwa mafungu: subirini taa, mwalimu mmoja atangulie na mwingine afunge msafara.